Mwanangu, kidole

Jumatatu asubuhi, hapa kwetu Lamu, boti ya Mokowe ilijaa kama kawaida yake. Akina mama na watoto, mzee na kuku wake wawili, vijana na godoro lililofungwa kamba. Mbele yangu aliketi kijana mwenye silaha, bunduki ya kijeshi iitwayo G3, ameisimamisha katikati ya magoti. Mtutu ulielekea juu, lakini kila tulipopanda wimbi uliinama, mara kwangu, mara kwa mama aliyempakata mwanawe. Na kidole chake cha shahada kilikuwa ndani, juu ya triga, kimestarehe kabisa.

Nilimtazama hadi naye akanitazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kidole." Akaelewa papo hapo. Akakitoa, akakinyoosha ubavuni mwa bunduki, akaugeuza mtutu uelekee baharini. "Samahani, mzee," akasema. Yule mama hakujua tumezungumza nini. Aliendelea kumfunika mtoto na leso yake, upepo usimpige.

Nimekuwa na jambo hili moyoni wiki nzima, ndiyo maana naandika. Nilikaa jeshini miaka 22, toka 1991, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mkufunzi wa silaha. Nimelala kifudifudi kando ya makuruti wengi mno, nikitazama vidole vyao badala ya shabaha zao. Hapa kwetu, tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni mwezi Juni 2014, bunduki si kitu cha kusikia tu. Iko barabarani, iko gatini, iko botini pamoja na kuku na magodoro. Watoto wa Lamu wanakua wakiiona. Kwa hivyo anayeibeba awe anajua anachokibeba, na sisi tunaokaa karibu naye tuna haki ya kudai hivyo.

Jioni ile ile mtoto wa ndugu yangu alinijia nyumbani, Matondoni. Ana miaka kumi na tisa, anasubiri siku ya usajili wa jeshi, kila alfajiri anakimbia mchangani. Akaniambia, "Ami, nifundishe kupiga shabaha kabla sijaenda."

Bunduki sina, na raia haruhusiwi kukaa nayo bila leseni. Lakini miti ya mkoko tunayo. Nikachukua pau moja iliyobaki tulipoezeka paa la jiko, nikaikata urefu wa mita moja na kidogo, nikamfungia jiwe kwa kamba ya nailoni ili apate uzito. G3 ni zaidi ya kilo nne bila risasi, na mtu asiyezoea hudhani ni nyepesi mpaka dakika ya tatu. Nikapigilia msumari mdogo mbele, uwe ndio ncha ya kulengea, na nyuma nikafunga pete ya waya. Nikampa.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka na kumlenga mdogo wake aliyekuwa anakuna nazi mlangoni. Akacheka. Mdogo wake naye akacheka.

Nikaichukua ile pau mkononi mwake. "Ami, ni mti tu huu," akasema. Nikamwuliza kama analijua neno la wazee, kwamba bunduki bila risasi yaishinda fimbo. Analijua, nani asiyelijua. Watu hulitumia kusema kwamba silaha tupu bado inatisha. Mimi nimeishi na silaha na kwangu neno hilo lina uzito mwingine: hakuna bunduki tupu. Kuna bunduki uliyoikagua sasa hivi kwa jicho na kidole chako mwenyewe, na kuna nyingine zote. Hizo nyingine zote zimejaa. Aliyekupa akikuambia "haina kitu," umeshukuru, halafu unakagua.

Siku hiyo hatukulenga chochote. Tulikagua mti.

Nitaeleza namna ya kukagua kwa G3 kwa kuwa ndiyo niliyoifundisha zaidi, na kwa kuwa mpangilio wake ndio uhai wenyewe. Mtutu kwanza uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitamkuta mtu: ardhini, kwenye rundo la mchanga, baharini kusiko na chombo. Kidole nje, kimenyooka. Sefti, kile kizuizi cha triga, imefungwa. Halafu magazini, lile kasha la risasi, inatoka. Magazini kabla ya kitu kingine chochote. Ndipo unavuta mkono wa kukokia, ule ulio upande wa kushoto juu ya mtutu, unauvuta mara mbili tatu, kisha unaupachika juu kwenye pengo lake ili bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, ikae nyuma. Sasa unatazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kama ni usiku unatia kidole kidogo upapase. Umeona tupu, umegusa tupu, ndipo unaiachia bolti irudi.

Na G3 ina tabia moja ya kuogopwa. Risasi zikimalizika, bolti haibaki nyuma kukuonyesha kwamba imeishiwa. Inarudi na kufunga kama kawaida. Kwa nje, bunduki tupu na bunduki iliyojaa zinafanana kama mayai mawili.

Ukigeuza mpangilio, ukavuta bolti kwanza na magazini ukaitoa baadaye, umefanya nini? Umeitoa risasi iliyokuwa chembani, na bolti iliporudi imechukua nyingine kutoka juu ya magazini na kuisukuma ndani. Kisha ukaitoa magazini ukijisemea, haya, imekwisha. Mkononi una magazini, roho imetulia, na chembani kuna risasi.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwenye kambi moja niliyowahi kutumikia, ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumerudi kutoka doria, tumechoka, tunasafisha silaha kwenye banda la mabati. Mwenzangu, mtu mzima, si kuruti, aligeuza mpangilio. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nimeshika kitambaa chenye mafuta. Sauti ya G3 ndani ya banda la mabati sijui niilinganishe na nini. Masikio yalilia hadi usiku. Nilipoangalia juu, mwanga mwembamba wa jua ulikuwa umeingia kupitia paa, umesimama wima katikati ya banda, na vumbi linacheza ndani yake. Hakuna aliyeumia. Yule ndugu alibaki ameikamata bunduki, midomo inatetemeka, anarudia, "Nimetoa magazini. Nimetoa magazini." Alikuwa anasema kweli.

Nilipomsimulia kijana wangu hadithi hii aliacha kucheka. Tulirudia kukagua ile pau mpaka kiza kikaingia, na kila alipotaka kuvuta bolti ya kufikirika kabla ya magazini, mdogo wake aliyekuwa anakuna nazi alikuwa anapaza sauti, "Magazini!" Kufikia usiku yule mdogo alikuwa anaujua mpangilio kumshinda kaka yake.

Siku ya pili ndipo tukaingia kwenye kulenga, na hapo ilinibidi nimweleze yaliyonipata mwenyewe.

Nilifunzwa Eldoret. Mtoto wa Matondoni, niliyezoea joto na chumvi, nikapelekwa mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi nyasi zina umande wa barafu, pumzi haitoshi, vidole havisikii. Siku ya kwanza ya uwanja wa shabaha nililala kwenye mkeka, nikapiga risasi tano, na kwenye karatasi yangu matundu yalitawanyika kama kunde zilizomwagika. Nikapiga tano nyingine. Vivyo hivyo.

Ni hapo nilipojifunza kwamba siku hizo za kwanza hakuna anayekuuliza kama umepiga katikati. Wanatazama kundi. Matundu matano yakikaa pamoja, hata yakiwa pembeni kabisa mwa karatasi, mpigaji ni mzuri na vituo vya kulengea ndivyo vitakavyosogezwa. Yakitawanyika, hakuna cha kusogeza kwenye bunduki. Mtu ndiye anayetakiwa kurekebishwa.

Koplo aliyekuwa ananisimamia alikuwa mtu wa maneno machache. Hakunitukana. Aliniambia nisimame, ninyooshe mkono, nikiwa na macho yote mawili wazi nikifunike kichwa cha mlingoti wa bendera kwa kidole gumba. Kisha nifumbe jicho la kushoto. Kidole kikaruka, kikaondoka kabisa kwenye mlingoti. Nifumbue, nifumbe la kulia. Kidole kikatulia pale pale. Akasema, "Wewe unaandika kwa mkono wa kulia lakini unaona kwa jicho la kushoto. Hamia bega lingine."

Ilinichukua kama wiki mbili, sawa na mtoto anayejifunza kuandika. Sefti ya G3 iko ubavu wa kushoto, imetengenezewa kidole gumba cha mtu wa kulia, kwa hivyo ilinibidi nijifunze kuishika upya. Lakini kundi lilianza kukusanyika. Na usiku mmoja kwenye kitanda cha chuma, baridi imenishika, nilimkumbuka baba. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Alipotaka kujua kama ubao umenyooka aliuinua, akaweka ncha moja shavuni, akatazama mkondo wake mpaka mwisho kwa jicho moja. Sikuwahi kujiuliza ni jicho lipi. Usiku ule niliuona uso wake wazi kabisa, na lililofumbwa lilikuwa la kulia.

Sasa hili la kulenga lenyewe. Kwenye G3 kuna duara dogo nyuma lenye kuzungushwa: namba 1 ina pengo la umbo la V, na 2, 3, 4 ni matundu ya kutazamia, kwa mita 200, 300 na 400. Toka hapo hadi ncha ya mbele ni takriban sentimita 57. Ukikosea milimita 1 tu kwenye ncha ile, kwa mita 100 risasi imekwenda kando zaidi ya sentimita 17. Kwa mita 300 umekosea nusu mita. Milimita moja ni kitu kidogo mno. Ndiyo sababu jicho likae kwenye ncha ya mbele, ndiyo ionekane kali na safi, na shabaha nyuma yake iwe na ukungu kidogo. Kila kuruti hufanya kinyume, kwa sababu shabaha ndiyo inayomvutia. Nilikuwa nawaambia wafikirie kutunga uzi kwenye sindano: macho yako kwenye tundu, hayako kwenye nguo.

Mwili nao uelekee wenyewe. Lala, jiweke, fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Kama ncha imehama kutoka kwenye shabaha, usiivute kwa mikono. Sogeza tumbo na miguu. Mkono unaovuta huchoka, na ukichoka hurudi unakotaka kwenda, kwa kawaida wakati ule ule risasi inapotoka. Kupiga goti na kusimama ni jambo hilo hilo kwa mifupa mingine, sitarefusha.

Pumzi: itoe, na pale chini ambapo mwili haujaomba nyingine kuna kituo kifupi. Hapo ndipo pa kupigia. Ukikizidisha kituo hicho jicho linaanza kufifia, basi acha, vuta tena, anza upya. Hakuna aibu kuanza upya.

Triga haivutwi kwa nguvu. Inakamuliwa, kwa nyama ya kidole, moja kwa moja nyuma, polepole, mpaka risasi ikutoke bila wewe kujua ni sasa. Anayejua ni sasa hujikaza kwa kuogopa teke la bunduki begani, na kujikaza huko ndiko kunakoitupa risasi ardhini. Dawa yake ni sarafu. Bunduki tupu, iliyokaguliwa, sarafu ya shilingi tano imelazwa juu karibu na ncha ya mbele, na kuruti anakamua triga. Sarafu ikianguka, anarudia. Nimewahi kumweka mtu mmoja saa nzima kwenye sarafu moja, na wiki iliyofuata kundi lake lilifunikwa kwa kiganja.

Kijana wangu alijaribu na ile pau pale ufuoni, amelala juu ya jamvi, akikamua kipande cha mpira wa malapa nilichokipigilia chini ya mti. Sarafu ilianguka, ikaanguka. Kila mara nilimtazama usoni nikaona anakunja shavu, anapapasa pete ya waya kwa jicho kama aliyeingia chumba chenye giza. Nikamwambia asimame, anyooshe mkono, akifunike kichwa cha mlingoti wa jahazi lililotia nanga nje kule.

"Fumba la kushoto."

"Kimehama, Ami."

"Haya. Fumba la kulia."

Akanyamaza kidogo, mkono bado umenyooka juu ya maji. "Kimekaa," akasema.

Nikaiokota ile pau, nikang'oa kipande cha malapa kwa koleo. Kesho baada ya alasiri tutakipigilia upya, tuanze na bega la kushoto. Kabla ya hapo atakagua.