Kwa Karavani na Hema Kando ya Bahari ya Uskoti

Kaskazini mwa Ullapool, katika pwani ya magharibi ya Uskoti, barabara humlazimisha msafiri kuacha haraka zake. Tulifika hapo mwishoni mwa Juni, mke wangu na mimi, tukivuta karavani ndogo yenye vitanda viwili, jiko la gesi na choo cha tangi. Katika buti la gari tulikuwa pia na hema jepesi kwa ajili ya sehemu ambazo magurudumu hayafiki. Tulichokitafuta ni kulala kando ya bahari, katika kambi ambazo mtu huamshwa na ndege na si redio ya jirani. Wengi hudhani kwamba kambi za namna hiyo hupatikana kwa bahati tu. Baada ya kuifuata pwani ile hadi Durness, naamini kwamba utulivu wake unatokana na mambo yaleyale ambayo wageni huyalalamikia: njia nyembamba, upepo usiokatika, wadudu, na mwendo mrefu wa miguu.

Ullapool ni mji wa bandari ulioanzishwa mwaka 1788 kwa ajili ya uvuvi wa heringi. Hapo tulibadilisha mtungi wa gesi na kujaza mafuta, kisha tukashika njia inayoizunguka milima ya Assynt na kupita kando ya ziwa lenye jina hilohilo, ambako magofu ya ngome ya Ardvreck yamesimama kwenye ulimi wa ardhi ulioingia majini. Nchi ile ina mawe mengi kuliko udongo. Chini iko miamba ya kijivu ya naisi, yenye umri wa takriban miaka bilioni 3, na juu yake vimesimama vilele vya mawe ya mchanga mwekundu, kama Suilven wenye kimo cha mita 731, kila kimoja peke yake kana kwamba vimegombana. Mabonde ya naisi hiyo hutuamisha maji na kujaa mboji, kwa hiyo ardhi kavu na tambarare ya kusimika hema ni adimu mno bara. Hupatikana pale ambapo bahari imesukuma mchanga nchi kavu, na ndiyo sababu kambi zote tulizozipenda zilikuwa ufukweni kabisa.

Kutoka kijiji cha Lochinver, barabara ya B869 huelekea kaskazini kwa upana wa gari moja tu. Kila baada ya umbali mfupi hupanuka kidogo upande mmoja, na hapo ndipo magari hupishana. Dereva anayemwona mwenzake mbele huwahi nafasi iliyo karibu naye na kusubiri, na anayevuta karavani ana wajibu wa ziada wa kuwapisha walio nyuma yake, maana mkia wa magari huota upesi. Sehemu hizo si za kuegesha wala kulala, ingawa tuliwaona waliozigeuza vituo vya kupigia picha. Mbele zaidi barabara ina miinuko inayofikia asilimia 25, na vibao vinawaonya wenye karavani wasiipite yote. Sisi tuliingia kwa upande wa Lochinver na kutokea hukohuko. Kibao kile, kwa maoni yangu, kinailinda pwani ya Assynt kuliko uzio wowote.

Ufukwe wa Achmelvich ulitushangaza kwa rangi. Mchanga wake ni mweupe kwa sababu sehemu yake kubwa ni vipande vya kome na makombe yaliyosagwa na mawimbi, na juu ya weupe huo maji ya kina kifupi huonekana ya kijani kibichi, hata siku ya mawingu. Upepo ukiupeleka mchanga huo bara, chokaa ya makombe hupunguza ukali wa udongo, na matokeo yake ni uwanda wa majani mafupi unaoitwa machair, ambao hupatikana katika pwani za magharibi za Uskoti na Ayalandi tu. Nilipiga magoti pembeni mwa kijia nikaangalia eneo lisilozidi ukubwa wa mkeka: mlikuwa na klova nyekundu, maua madogo ya manjano ya jamii ya kunde, na okidi za zambarau zisizozidi urefu wa kidole. Nyuki walikuwa wengi kiasi kwamba nilisita kuweka kiganja chini.

Matuta ya mchanga yanayoukinga uwanda huo yameshikiliwa na nyasi moja ngumu, yenye majani yaliyojikunja kama mrija ili yasipoteze maji. Mashina yake hutambaa chini ya mchanga, na kadiri mchanga unavyolifunika ndivyo jani linavyopanda juu zaidi. Linastahimili chumvi, ukame na dhoruba, lakini halistahimili kukanyagwa. Watu wakipita mstari mmoja mara nyingi, nyasi hufa, upepo hupata mlango, na tundu dogo huwa shimo linalomeza tuta zima. Kwa hiyo pana vijia vilivyowekwa na uzio mwepesi, na mpiga kambi anatakiwa kuzunguka hata kama bahari ipo hatua chache mbele yake. Ardhi hii ni mali ya wenyeji wenyewe: mwaka 1993 wakulima wadogo wa Assynt waliungana, wakachangisha fedha na kuinunua kutoka mikononi mwa kampuni iliyofilisika. Anayelala hapo analala kwenye malisho ya watu, na kondoo wanaopita kati ya mahema wana haki kuliko yeye.

Kilomita chache mbele iko Clachtoll, na hapo tulikaa kuliko mahali pengine popote. Kambi iko nyuma ya ghuba ndogo, kwenye majani, na ina mabafu, maji safi na mahali pa kumwagia choo cha karavani. Katika kambi za Uingereza kanuni za moto hutaka kuwe na mita 6 kati ya karavani moja na nyingine. Umbali huo uliwekwa ili kuzuia moto, lakini huzuia pia mazungumzo ya jirani yasikufikie. Tuliigeuza karavani ili pua yake iukabili upepo wa magharibi na mlango uwe kwa nyuma, tukateremsha miguu yake ya pembeni juu ya vipande vya mbao ili isizame mchangani, na kazi ikaishia hapo. Wenye mahema walipata taabu zaidi. Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havishiki mchanga, na waliozoea pwani walikuwa na vigingi vipana, au walizifunga kamba kwenye mifuko waliyoijaza mchanga na kuizika.

Usiku wa Juni katika latitudo ya digrii 58 hauji kikamilifu. Jua huzama baada ya saa nne za usiku, na mwanga hafifu hubaki upande wa kaskazini mpaka linapochomoza tena alfajiri. Anayetaka giza afunge pazia nene. Sisi tuliuacha mwanga uingie na kulala tulipochoka. Ndege wa ufukweni hawalali pia. Wapo wale weusi kwa weupe, wenye midomo mirefu ya rangi ya chungwa iliyokolea, wanaochokoa kome kwenye miamba maji yanapokupwa, na kelele zao za kupishana kwa zamu hazikukatika. Sili walipanda juu ya mawe nje ya ghuba. Ukifuata pwani kwa miguu utakuta mabaki ya boma la mviringo la mawe makavu, lililokaliwa takriban miaka 2,000 iliyopita na kuteketea kwa moto, ushahidi kwamba hata watu wa kale waliijua thamani ya ghuba yenye mahali pakavu pa kulala.

Sasa usubi. Hakuna simulizi ya kambi za Uskoti iliyo ya kweli bila kuutaja, na nitautaja kwa heshima. Mdudu mwenyewe ana mabawa yasiyofikia milimita 2, jike ndiye anayeuma, na akishapata damu hutoa harufu inayowaita wenzake, hivyo mmoja huwa wingu baada ya dakika chache. Huzaliana katika ardhi yenye mboji na majimaji, huchukia jua kali, na hushindwa kuruka upepo unapozidi takriban kilomita 11 kwa saa. Mwenye kuyajua hayo matatu anaweza kuchagua kiwanja chake kwa akili. Kambi iliyofichwa nyuma ya miti, kando ya kijito, huvutia sana machoni na huwa mateso jioni. Kambi iliyo wazi juu ya mchanga, inayopigwa na upepo wa bahari mchana kutwa, huonekana ya ukiwa lakini ndiyo yenye usingizi. Jioni moja upepo ulikata Clachtoll, bahari ikawa shwari, na kambi nzima ikatoweka ndani ya nyavu za kichwa na karavani zilizofungwa. Asubuhi upepo uliporudi, watu walisalimiana kwa furaha ya walionusurika.

Tulirudi Lochinver na kuzunguka kwa barabara kuu, tukavuka daraja la Kylesku lililofunguliwa mwaka 1984 mahali palipokuwa na kivuko, hadi Scourie. Kambi ya huko ilitufaa kwa sababu ya kisiwa cha Handa, ambacho hufikiwa kwa mashua ndogo kutoka Tarbet, isipokuwa Jumapili, na hutunzwa na shirika la uhifadhi la Scottish Wildlife Trust. Njia ya mbao inayozunguka kisiwa hupita juu ya mboji na kuishia kwenye majabali ya mawe ya mchanga ambako maelfu ya ndege wa baharini hutaga kwenye rafu nyembamba za mwamba. Harufu huwatangulia. Pafini walikuwa wachache na mbali. Skua wakubwa walikuwa karibu kupita kiasi, wakiwashukia vichwani wote waliotoka nje ya njia.

Durness iko kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya nchi kavu ya Uingereza, na kambi ya Sango imekaa juu ya genge linalotazama ghuba ya mchanga. Kwa uzuri wa mandhari haina mpinzani katika safari hii. Kwa utulivu, si hivyo: iko kando ya barabara maarufu ya mzunguko wa kaskazini, iliyozinduliwa mwaka 2015 kwa jina la North Coast 500, na jioni magari-nyumba huingia moja baada ya jingine. Tuliiacha karavani hapo, tukachukua hema na kurudi kwa gari hadi Blairmore, ambako njia ya miguu ya takriban kilomita 6.5 huelekea ghuba ya Sandwood.

Hapa sheria ya Uskoti inastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi huielewa nusu. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita na kupiga kambi kwa hema katika ardhi nyingi isiyozungushiwa uzio, ilimradi wawe wachache, wasikae mahali pamoja zaidi ya usiku mbili au tatu, na wasiache alama. Haki hiyo haihusu vyombo vya moto. Mwenye gari-nyumba anayelala juu ya machair kwa kisingizio cha uhuru wa kutembea hana sheria inayomlinda, na mfereji wa tairi katika majani yale huchukua miaka kuziba. Mimi ningependa maneno hayo yaandikwe kwenye kila mkataba wa kukodisha gari-nyumba.

Sandwood iko chini ya uangalizi wa shirika la uhifadhi la John Muir Trust tangu mwaka 1993. Hakuna choo, hakuna bomba, hakuna taa. Ufukwe wa zaidi ya kilomita 2 umefungwa upande wa kusini na nguzo ya mwamba ya Am Buachaille, yenye urefu wa zaidi ya mita 60, na nyuma ya matuta kuna ziwa la maji baridi. Tulisimika hema kwenye majani mafupi, mbali na nyasi za matuta, tukachemsha maji ya ziwa kabla ya kuyanywa, na tukatembea ufukwe wote bila kukutana na zaidi ya watu watano, katika wiki ileile ambayo Sango ilikuwa imejaa hadi kwenye uzio. Kilichotenganisha sehemu hizi mbili ni mwendo wa saa mbili ukiwa na mkoba mgongoni.

Kwa anayetaka kufuata njia hii na hawezi kuvumilia usubi, ningemshauri aende katikati ya Mei. Ndege watakuwa wameshafika Handa, kambi nyingi hufunguliwa kuanzia Aprili, na usubi kwa kawaida hauanzi hadi mwisho wa Mei. Maua ya machair hayatakuwa yamefunguka bado, na mfuko wa kulalia uwe ule mzito, kwani baridi ya alfajiri hushuka karibu na sifuri.