Nilivyomsomea babu Bunge la bajeti la 2020

Babu yangu anafuatilia Bunge kuliko mtu yeyote ninayemjua Tanga. Alikuwa karani wa bandari, na miaka yote ya kazi yake aliamini kwamba kitakachofika gatini kwanza kinapita Dodoma, mezani kwa wanaogawa fedha. Kipindi cha maswali kikianza redioni, chai yake ilipoa na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Mwanzoni mwa 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Akahamia kwenye magazeti. Kisha presha ya macho ikamchukulia magazeti, akabaki na taarifa ya habari na baraza la kahawa pale Ngamiani, ambako kila jioni alikuwapo mtu wa kumwambia nani kasema nini. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, mtu wa hapa hapa kwetu Tanga, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule. Mimi ni mwalimu, nikarudi nyumbani. Babu naye tukamsihi asitoke, kwa umri wake na kifua chake. Alikubali, lakini bila baraza alinyong'onyea, na Bunge la bajeti lilikuwa linaanza tarehe 31 mwezi ule ule.

Taarifa ya habari inakwambia waziri kasema nini. Haikwambii aliulizwa nini, na nani, na kama alijibu. Hicho ndicho babu alichokuwa anakililia.

Nikaamua kumsomea Hansadi yenyewe, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Zinawekwa kwenye tovuti ya Bunge, kikao kimoja faili moja, na kila ukurasa umeandikwa juu kabisa Nakala Mtandao. Haziji siku ile ile, kwa hiyo tulikuwa tunaikimbiza Dodoma kwa nyuma. Faili ni nzito, nilikuwa nazishusha kwa bando la usiku. Mwanzoni nilisoma kwenye simu nikivuta herufi kwa vidole, baadaye nikawa nachapisha kurasa chache tunazozihitaji kwenye steshenari ya jirani, kwa sababu kumsomea mzee huku unahangaika na kioo cha simu kunamchosha yeye na wewe.

Faida kubwa tuliyo nayo Watanzania ni kwamba Bunge letu linazungumza Kiswahili. Sikuhitaji kumtafsiria babu kitu. Nilichohitaji ni kujua nianzie wapi, maana kikao cha siku moja kinaweza kufika kurasa mia na zaidi, na hotuba ya waziri peke yake inamaliza jioni yote.

Yeye ndiye aliyenipa njia. "Mke wangu, anza na pesa," aliniambia.

Pesa ziko mwisho. Utaratibu wa siku ni huu: Dua, hati za kuwasilisha mezani, maswali, halafu waziri anasoma hotuba ya makadirio ya wizara yake na kutoa hoja. Kamati ya Bunge inayohusika inatoa maoni yake, Kambi ya Upinzani iliyokuwapo wakati ule ya kwake, wabunge wanachangia, waziri anarudi kujibu. Baada ya hapo ndipo Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, Spika anaacha kuwa Spika na kuwa Mwenyekiti, na Katibu anaita mafungu ya fedha moja moja. Hapo ndipo mbunge ambaye hakuridhika anaposimama kwenye mshahara wa waziri na kushika shilingi, yaani kuuzuia usipite mpaka apate jibu. Basi nilikuwa nakwenda moja kwa moja kule nyuma, nasoma fungu, nasoma kilichobishaniwa, kisha narudi juu kidogo kidogo: majibu ya waziri kwanza, halafu waliomuuliza, hotuba mwisho kabisa na kwa kuchagua. Kwa mtu anayetaka kujaribu, hii ndiyo njia ninayoiamini. Ukianza na hotuba utalala kabla hujafika penye jambo.

Sehemu nyingi mafungu yanapita mfululizo, na kwenye mabano imeandikwa kwamba vifungu vilipitishwa bila mabadiliko yoyote. Nilikuwa natamani kuyaruka. Babu hakukubali. Aliposikia Fungu 62, ambalo ni Uchukuzi, alininyamazisha nisome taratibu, kwa sababu bandari yake imo humo. Wakati ule mradi wa kuongeza kina cha Bandari ya Tanga ulikuwa umeshaanza. Ambaye hajaifanyia kazi bandari yetu huenda asione uzito wa jambo hilo. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, na mzigo ukaletwa gatini kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo, yaani kila kitu kilipakuliwa mara mbili. Babu alihesabu magunia hayo mara mbili kwa miaka yake yote ya kazi. Kila neno "Tanga" lilipotokea kwenye hotuba ya Waziri Isack Kamwelwe alinitaka nirudie sentensi nzima, na aya ya kabla yake, na ya baada yake. Simu ina sehemu ya kutafuta neno ndani ya faili, nikaandika Tanga, ikanipeleka penyewe pamoja na barabara na reli. Jioni ile hatukugusa wizara nyingine.

Corona yenyewe ilibadili kikao kwa namna inayoonekana hata kwenye karatasi. Miaka yote kikao kilianza saa tatu asubuhi, kikapumzika mchana, kikarudi jioni. Safari hii vilianza saa nane mchana na kuisha siku ile ile kabla ya usiku kuingia. Kati ya wabunge takriban 390 waliingia ukumbini sehemu tu, wengine wakafuatilia kwenye kumbi nyingine za Bunge, ili watu wasibanane. Wabunge walikuwa tayari na vishikwambi, kwa hiyo makaratasi yaliyokuwa yakipita mkono kwa mkono yalipungua sana. Mimi niliyaona yote haya kuwa ya busara. Kumbi nyingi duniani zilifungwa kabisa miezi ile, na nchi haiwezi kuingia Julai haina bajeti.

Ila tulipofika kwenye maswali, babu alikereka, na kadiri siku zilivyokwenda nikaona ana haki.

Kwenye Hansadi za mkutano ule, sehemu ya maswali na majibu ina maelezo kwamba maswali yafuatayo yameulizwa na kujibiwa kwa njia ya mtandao. Nilisoma swali. Nikasoma jibu la Naibu Waziri, lililopangika vizuri, na mwaka wa fedha ukatajwa. Nikageuza ukurasa, nikaanza swali linalofuata.

"Ngoja," babu akasema. "Na la nyongeza?"

"Hamna, babu."

"Hakuuliza?"

"Hakuna pa kuuliza. Limejibiwa kwenye mtandao."

Akakaa kimya, kisha akaniambia nitazame la pili, na la tatu. Hayakuwapo.

Kwa asiyefuatilia, swali la nyongeza linaweza kuonekana kitu kidogo. Siku za kawaida mbunge akishajibiwa swali lake la msingi ana nafasi ya kuuliza mawili mengine papo hapo, na wenzake nao wanaweza kupewa nafasi. Jibu la msingi limeandikwa ofisini na wataalamu, limepitiwa, halina tundu. La nyongeza waziri analipokea akiwa amesimama, bila karatasi. Hapo ndipo unapojua kama zahanati inayosemwa imekamilika ina dawa na muuguzi, au ni kuta na bati tu. Ndipo mbunge anaposema, "Mheshimiwa Waziri, mimi nimetoka huko wiki iliyopita." Babu alijifunza Bunge kwa maswali ya nyongeza, na miezi ile alisomewa majibu ambayo hayakuulizwa zaidi. Naelewa kwa nini ilifanyika hivyo. Muda ulikuwa mfupi, na hatari ilikuwa ya kweli. Bado naamini kwamba katika yote yaliyopunguzwa, hili ndilo lililomgusa mwananchi wa mbali zaidi ya saa za kikao au idadi ya viti.

Kilichotufariji kidogo ni michango ya maandishi. Wabunge ambao hawakupata nafasi ya kusimama waliandika, na Hansadi inaichapa michango hiyo pamoja na ile ya kusema. Babu hakuwahi kuisikia redioni, kwa kuwa redio haitangazi kisichotamkwa. Humo unakuta mbunge ameandika habari za kijiji kimoja kwa jina, kivuko kimoja, kisima kimoja. Tukawa tunaisoma kuliko hotuba.

Halafu Aprili ikawa nzito. Tarehe 20 alifariki Gertrude Rwakatare, mbunge wa Viti Maalum. Tarehe 29 akafariki Richard Ndassa wa Sumve. Mei mosi akafariki Balozi Augustine Mahiga, Waziri wa Katiba na Sheria, ambaye babu alimheshimu tangu enzi zake za ubalozi Umoja wa Mataifa. Takwimu za wagonjwa nchini zilifika 509 mwanzoni mwa Mei, kisha zikaacha kutolewa. Siku hiyo hiyo ya Mei mosi Freeman Mbowe, Kiongozi wa Kambi ya Upinzani, aliwataka wabunge wa CHADEMA wasihudhurie vikao, wajitenge kwa siku 14. Spika Job Ndugai akawaagiza warudi bungeni, la sivyo warudishe posho walizolipwa. Baadhi yao waliendelea kuhudhuria.

Hapo mimi na babu tuligongana, na sijabadili msimamo hadi leo. Yeye alisema mbunge akiondoka kwenye kiti, jimbo lake limebaki bila mdomo, na bajeti haimsubiri mtu. Mimi nilisema mtu aliyezika wenzake mfululizo ana haki ya kuogopa, na mbona yeye mwenyewe tumemfungia ndani kwa sababu ile ile? Alinijibu kwamba yeye hajachaguliwa na mtu. Tulisoma Hansadi za wiki zile tukitafuta sauti zilizokosekana, na kweli kurasa za upinzani zilikuwa pungufu.

Ni katika wiki hizo alipoanza daftari. Kila jibu la mtandao lililomkera, alinitaka niandike swali la nyongeza ambalo yeye angeuliza. Nilicheka kwa mara ya kwanza, mara ya pili nikatafuta kalamu inayoandika vizuri. Maswali yake yalikuwa mafupi na makali. Kina kikishaongezwa, wapakuaji wa matishari watapewa kazi gani? Hospitali ya Bombo, mgonjwa anayetoka Mkinga usiku anaifikia kwa usafiri gani? Bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, zaidi ya kilomita 1,400, vijana wa Chongoleani wenyewe wanafundishwa fani gani kabla halijafika? Mengine yalikuwa ya katani, na ya bei ya mkonge kwa mkulima mdogo.

Tarehe 11 Juni Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alisoma bajeti ya Sh. trilioni 34.88. Hotuba hiyo babu aliisikiliza redioni mwenyewe. Aliniachia Hansadi ya siku ya kura, kwa sababu kura ya bajeti kila mbunge anaitwa kwa jina na kutamka wazi, na Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Alitaka majina ya Mkoa wa Tanga tu, moja moja, na jibu la kila mmoja. Tarehe 16 Juni Rais Magufuli akalihutubia Bunge la Kumi na Moja kwa mara ya mwisho na kulifunga. Shule zikafunguliwa zote mwisho wa mwezi, nikarudi kazini, na kusoma kwetu kukahamia Jumamosi.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 28 Oktoba. Wagombea walipoanza kuzunguka mitaani, babu alivaa kanzu na barakoa, akanipa mkono tukaenda kwenye mkutano mmoja, halafu mwingine wa chama kingine, mimi nimebeba daftari. Tulipata nafasi kwa shida. Nilisoma swali la matishari jinsi alivyoniandikisha, na mgombea wa kwanza akajibu kwa urefu kuhusu ukubwa wa mradi. Babu akaomba kipaza sauti.

"Hilo ni jibu la msingi, mwanangu," alisema. "Mimi nauliza la nyongeza."