Kuwa mwenyeji katika nyumba ya wanafunzi wa nchi nne: uzoefu wangu Moshi

Habari za wanafunzi wa nchi mbalimbali wanaokaa nyumba moja kwa kawaida husimuliwa na yule aliyetoka mbali, akaeleza jinsi chakula, baridi au lugha ilivyomshinda. Mimi nilikuwa upande wa pili. Ni Mtanzania, mzaliwa wa Singida niliyekuja Moshi kusoma masuala ya ushirika, na katika nyumba tuliyopanga Longuo, jirani na hospitali ya KCMC, wenzangu watatu walikuwa Mkenya, Mzambia na Mrundi. Nitawataja kwa nchi zao kwa kuwa sijawaomba ruhusa ya kuandika majina yao. Ninachotaka kueleza ni namna tulivyoutoa mzigo wa uenyeji mabegani mwa mtu mmoja, kwa sababu naamini nyumba za aina hii huvunjwa zaidi na mzigo huo kuliko na tofauti za mila ambazo watu hupenda kuzitaja.

Mzigo wenyewe ulianza hata kabla hatujahamia. Dalali alimalizana na mimi, akachukua kwangu ujira wake wa kodi ya mwezi mmoja. Mama mwenye nyumba, ambaye kama wenye nyumba wengi hapa nchini alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, aliandika mkataba kwa jina langu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kitambulisho cha Taifa. Umeme ulinunuliwa kwa simu yangu, na ujumbe wa ankara ya maji kutoka MUWSA uliingia kwangu. Mwenyekiti wa mtaa alipotaka kujua wageni wale ni akina nani, alinitafuta mimi. Hali kadhalika fundi bomba na kijana anayepita kukusanya fedha za taka. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa kama karani asiye na mshahara, na wenzangu, ambao ni watu wenye haya, walikuwa wakiomba radhi kila waliponituma, jambo lililonichosha zaidi kuliko kutumwa kwenyewe.

Jioni moja, mezani, niliwakumbusha kwa utani kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Mrundi, ambaye amekulia Bujumbura na Kiswahili anakijua vizuri, alinijibu papo hapo: «Jembe tutalishika, ndugu yangu, lakini shamba lenyewe hujatuonyesha.» Alikuwa na haki. Hakuna hata mmoja wao aliyejua namba ya mita ya umeme, mahali mama mwenye nyumba anapoishi, wala ofisi ya serikali ya mtaa ilipo. Hawakuwa wavivu; mambo hayo yote yalikaa kichwani mwangu na ndani ya simu yangu, na mtu hawezi kusaidia kazi asiyoijua inapoanzia.

Tulichukua daftari la kawaida, tukaandika humo kila kitu: namba ya mita, namba ya akaunti ya maji, simu za mama mwenye nyumba, fundi bomba na fundi umeme, siku ya taka, na kiasi kinacholipwa. Kisha tukaweka zamu ya mwezi mzima. Mwenye zamu tulimwita balozi, na balozi ndiye aliyesema na watu wa nje kwa niaba ya nyumba, awe anajua Kiswahili au hajui. Niliona mwezi kuwa kipimo kizuri kuliko wiki, kwa sababu ndani ya wiki mtu anaweza kukwepa kila jambo gumu akisubiri zamu ipite, ilhali mwezi lazima ukutane na ankara, umeme na angalau bomba moja linalovuja.

Zamu ya Mzambia ndiyo iliyotutia wasiwasi, kwa kuwa alifika akiwa hajui hata salamu. Nilimpeleka kwa mama mwenye nyumba, nikamtambulisha, nikakaa kimya makusudi. Alisema «Shikamoo, mama» kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. Mama akaitikia, «Marahaba, mwanangu, wa wapi wewe?» Akajibu kwamba ni wa Zambia na kwamba mwezi huo nyumba iko mikononi mwake. Mama alimtazama kutoka juu mpaka chini, akacheka, akasema: «Haya, basi mwezi huu nitakudai wewe.» Tangu siku hiyo alimpigia yeye, na maongezi yao yalikwenda polepole lakini yalifika. Nilichojifunza hapo ni kwamba watu wa Moshi walikuwa na subira na Kiswahili kibovu kuliko nilivyokuwa nayo mimi mwenyewe, niliyezoea kuingilia kati kabla mwenzangu hajamaliza sentensi.

Umeme ndio uliotaka akili zaidi, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu ugomvi mwingi wa wapangaji hutokana nao. Mwanzoni kanuni yetu ilikuwa ile inayoonekana ya haki: anayekuta LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, imeisha hununua, na kila mtu ananunua wa elfu kumi. Mkenya alinunua mwanzoni mwa mwezi. Mrundi alinunua baadaye, mwezi huohuo, katika duka la Mangi jirani, akapata uniti ambazo hazikufika nusu ya zile za Mkenya, akarudi akiamini ameibiwa. Mangi hakuwa na kosa. Mteja mdogo wa nyumbani huuziwa uniti kwa bei nafuu mpaka zifike 75 kwa mwezi, na zikizidi hapo bei ya kila uniti hupanda zaidi ya mara tatu. Juu ya hilo, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo anayefungua mwezi hukatwa kodi ambayo kwa kweli ni ya mwenye nyumba. Kanuni yetu ya usawa ilikuwa inamwonea mmoja kwa kodi na mwingine kwa bei, na wote wawili walikuwa wanamshuku mwuza duka.

Tuliacha kununua kwa zamu za bahati. Kila mmoja alitoa mchango wake kwenye mfuko wa nyumba, na balozi akanunua umeme wa mwezi mara moja, siku za mwanzo, akilenga tusivuke zile uniti 75. Ujumbe wa risiti tuliuhifadhi, kisha Mkenya, alipokuwa balozi, akampelekea mama mwenye nyumba hesabu ya kodi iliyokatwa, akaomba ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Mama alikubali bila ubishi, ingawa mimi nilikuwa nimeogopa kuligusa suala hilo kwa kuona ni fedha ndogo isiyofaa kumsumbulia mtu mzima. Mkenya hakuwa na aibu hiyo, na nadhani mgeni ana faida yake hapa: huuliza kwa unyoofu lile ambalo mwenyeji amejizoeza kulimeza.

Ilibaki hita ya maji. Bujumbura iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na joto lake ni la mwaka mzima, kwa hiyo Juni na Julai, wingu linapoufunika mlima na mji wetu ukapoa, Mrundi hakuweza kuoga maji ya bomba. Mzambia, ambaye kwao uwandani Lusaka miezi hiyohiyo ni ya baridi pia, alioga maji hayohayo alfajiri na kutuhubiria kuhusu afya. Hatukupiga marufuku hita. Mrundi mwenyewe alipendekeza aongeze mchango katika miezi ya baridi, kwa kuwa hita ndiyo iliyotuvusha zile uniti za bei nafuu, na kiasi cha nyongeza tulikipata kwa kulinganisha risiti za Mei na za Juni. Mahubiri ya Mzambia hayakuwa na dawa.

Fedha za kutoka kwao zilifika kwa nyakati tofauti. Mkenya alitumiwa kwa M-Pesa kutoka Kenya na kupokea hapohapo, lakini wale wawili walingoja benki. Tulikubaliana kwamba anayechelewa adaiwe na mfuko, asidaiwe na mtu. Deni liliandikwa kwenye daftari na kulipwa kwenye mfuko, na hakuna aliyeruhusiwa kumkopesha mwenzake fedha za mahitaji ya nyumba. Ninaiona kuwa kanuni bora kuliko zote tulizoweka, kwa sababu si rahisi kumnunia mwenzako kwa ajili ya deni lisilo lako.

Sokoni tuliamua kwamba balozi aende Mbuyuni peke yake, na akiuziwa ghali, hasara iwe ya mfuko. Ilikuwa ada ya kujifunzia, na ilipungua haraka. Chakula kilichotuunganisha kilitokea bila kupangwa: dagaa wa Kigoma. Ziwa Tanganyika ni la Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo, kwa hiyo watatu kati yetu tulikuwa tumelelewa na samaki wale wale, kila mmoja akidai kwao ndiko wanakojua kuwapika. Mzambia aliwakaanga wakavu na nyanya nyingi; Mrundi aliwatia mawese kila alipoyapata. Mkenya, aliyezoea omena wa Ziwa Victoria, alifanywa hakimu, na hakuwahi kutoa hukumu.

Mambo ya vibali niliyakataa kabisa, na sijutii. Mwanafunzi mgeni anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, na chuo ndicho kinachompa barua na kumwongoza kwenye Idara ya Uhamiaji. Nilimwonyesha kila mmoja njia ya kufika ofisini, lakini pasipoti ya mtu sikuibeba. Nakala za vibali walizipeleka wenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaandikwa kwenye daftari la wakazi.

Vikao vya nyumba nilivianzisha kwa mtindo niliofundishwa darasani, mwanachama mmoja kura moja, nikijivunia kwamba tuko katika mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilichoanzishwa mwaka 1933. Havikufaa sana. Watu wanne wakigawanyika wawili kwa wawili, kura haiamui kitu, na yule anayetafsiri hoja ana nguvu kuliko kura yake. Tulihamishia kazi ya kutafsiri kwa Mkenya, ambaye Kiingereza na Kiswahili vyote vilimtoka sawasawa na ambaye hakuwa na undugu na mama mwenye nyumba wala mwenyekiti, nami nikapata nafasi ya kubishana kama mpangaji wa kawaida. Mara nyingi nilishindwa.

Mkataba ulipokwisha, nilikuwa Singida kwa mafunzo kwa vitendo, na balozi wa mwezi huo alikuwa Mrundi. Alikwenda kwa mama mwenye nyumba na daftari letu mkononi, akamwonyesha kwamba maji hayajawahi kudaiwa na kwamba matengenezo madogo tumeyafanya wenyewe, akaomba kodi iwe ya miezi mitatu mitatu. Mimi nilikuwa nimeliomba hilo tangu mwanzo nikakataliwa. Yeye alikubaliwa, kwa sharti moja: mkataba mpya uwe na majina yote manne, na kila mmoja aweke sahihi yake mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nafasi yangu waliiacha wazi mpaka niliporudi nikasaini wa mwisho.