Usambara kwa miguu, kutoka Lushoto mpaka Mtae

Watu wengi wakisema wamefika Usambara wanamaanisha wamefika Irente, wakapiga picha pale kwenye jabali, Mazinde na mashamba ya mkonge yanaonekana huko chini kabisa, basi, kesho yake wako Mombo wanasubiri basi la Dar. Siwalaumu, Irente ni pazuri mno, hata mimi nilikaa pale mpaka jua likazama sikutaka kuondoka. Ila ukisimama pale ukingoni unachotazama ni tambarare, milima yenyewe umeipa mgongo. Milima lazima uingie ndani yake, upande, ushuke, uvuke kijito, upande tena, na safari hii ndicho nilichokifuata, kutembea toka Lushoto mpaka Mtae nalala vijijini njiani.

Ile barabara ya kutoka Mombo mnaijua, kama km 33 za kona tupu, bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine, ukifika Soni unaona maporomoko pale pale kando ya barabara na joto la chini umeshalisahau. Lushoto yenyewe nilipita tu. Asubuhi tukaanza kupanda Magamba, mimi na kijana mmoja mwenyeji wa kuniongoza, na mchukueni mwenyeji jamani, vijia ni vingi na vyote vinafanana.

Msitu wa Magamba sijui niuelezeje. Ukungu unaingia kati ya miti yaani unauona ukitembea, unapita, kila kitu kinabaki kinadondosha maji ingawa mvua haijanyesha. Kumbe ndo hivyo milima hii inavyoishi, upepo unakuja na unyevu wa Bahari ya Hindi, unagonga milima, unapanda, unapoa, unakuwa ukungu na mvua, msitu unakamata. Hii ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ile inayoanzia Taita kule Kenya inashuka mpaka Udzungwa, na misitu yake imekaa imetengana kwa mamilioni ya miaka, kila mlima na viumbe vyake. Kuna ndege mmoja mdogo wa kahawia, hana makeke yoyote, anarukaruka chini chini kwenye majani makavu, na huyo duniani kote yuko Usambara Magharibi tu. Kijana wangu alimtambua kwa sauti, tukachuchumaa, tukanyamaza, akatokea sekunde chache akapotea. Nilifurahi kuliko siku niliyoona simba Mikumi, na nasema kweli kabisa. Mbega tuliwaona pia, wako juu kwenye mkulo mkubwa na mikia yao myeupe imening'inia. Mikulo ya ukubwa ule imebaki michache, ilikatwa sana kwa ajili ya mbao, ukisimama chini yake unaelewa kwa nini walioitamani waliitamani na bado unaumia.

Alafu kando ya kijito, kwenye jiwe lenye unyevu ambalo jua halilifikii, nikaonyeshwa lile ua dogo la zambarau, majani yana manyoya laini. Ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, mwaka uliofuata wanasayansi wakaliita Saintpaulia, na leo watu wa Ulaya na Marekani wanalifuga madirishani kwa mamilioni. Kwao ni hapa, kwenye kivuli na maji yanayodondoka, na ukiondoa ile miti ya juu jiwe linakauka na ua linakwenda.

Sasa kile kijito tulikifuata, na hapa ndipo safari ilipogeuka kwangu. Kinapotoka msituni maji ni baridi na unaona kila kokoto chini, nilikunywa kwa kiganja. Mara msitu unaisha ghafla, mashamba yanaanza, kabichi, karoti, viazi, mpaka kwenye ukingo wenyewe wa maji, mtu akiteleza na jembe anaingia mtoni. Tulitembea kama nusu saa tu kushuka na maji yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Udongo ule ndo shamba lenyewe linaondoka.

Palikuwa na mama anamwagilia karoti. Nikamsalimia kwa Kisambaa, onga maundo, akacheka kwa jinsi nilivyoitamka, tukaendelea kwa Kiswahili. Nikamuuliza mama, mbona karibu na maji hivi? Akasema, "Mwanangu, kiangazi huko juu hapatoki kitu. Na shamba la juu tumeshagawana ndugu, kila mtu kamba yake moja, utalima wapi?" Sikuwa na la kumjibu, nikamsaidia kuchota madebe mawili matatu tukaagana.

Nimekuwa nikilifikiria jibu lake tangu siku ile. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema shughuli zisifanyike ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na mimi naiunga mkono, lakini mabonde mengine kule ukipima mita 60 kila upande umemaliza bonde zima, hakuna kilichobaki. Na zile karoti zinapanda lori pale Lukozi zinakuja kuliwa Dar, na sisi tunazitaka kwa bei ile ile ya chini. Nilichokiona kinafanya kazi ni wale waliobakiza ukanda mwembamba tu kando ya maji, miti miwili mitatu na mabingobingo yamefungana, ng'ombe anapata majani na udongo unakamatwa kabla haujafika mtoni. Mbele ya mashamba ya namna hiyo maji yalikuwa yanaanza kusafika tena, nimeyaona kwa macho. Kama ningekuwa na uwezo wa kutoa hela sehemu moja tu katika milima hii ningeitoa kwenye miche ya kupanda kingo hizo, hata kabla ya bango lolote la utalii.

Rangwi tulilala kwa watawa, wana nyumba ya wageni safi, bustani nzuri, usiku baridi kali haswa. Toka hapo njia ya kwenda Mtae inapita vijijini moja kwa moja, watoto wanakusindikiza, wazee ukiwapa shikamoo wanataka usimame kidogo uulizwe umetoka wapi na hujambo nyumbani, na ukiwa na haraka utakosa nusu ya safari.

Mtae imekaa juu ya ukingo mwembamba wa mlima, kuna sehemu unasimama unaona chini pande zote mbili. Upande mmoja Mkomazi, kahawia, kavu, Upare kwa mbali, upande wa pili ni kijani. Pakiwa peupe wenyeji wanasema Kilimanjaro inaonekana, nilivyokuwepo mimi kulikuwa na mawingu. Kurudi ujipange, basi la kushuka linaondoka gizani kabla hata ya adhana ya alfajiri. Nendeni mwezi wa sita mpaka wa tisa, masika vijia vinateleza vibaya, na mbebe sweta la maana.

Jirani na Mtae kuna msitu wa Shagayu, na huko ndiko Mto Umba unakoanzia, unashuka tambarare, unaambaa mpaka wa Kenya na kumwaga baharini karibu na Vanga. Nilifika ukingoni mwa msitu tu, siku ziliisha. Safari ijayo nataka nianzie pale pale unapozaliwa niufuate kushuka nione maji yale yanafikaje chini na yakiwa na hali gani. Kwa aliyewahi kukitembea kile kipande cha tambarare mpaka mpakani, niambie njia ikoje na vijiji vya kulala ni vipi, maana ramani niliyonayo inaonyesha mstari wa mto tu na pori.