Kuitambua mbigili kabla haijazaa

Mbigili, ambayo wataalamu wa mimea huiita Tribulus terrestris, hupenda mchanga mkavu na ardhi iliyovurugwa: kando ya barabara, kwenye viwanja vya mpira, katika mazizi yaliyohamwa na mashamba yaliyobaki wazi baada ya mavuno. Hapa Dodoma huchipua mara mvua zinapoanza, na naamini ingeng'olewa mapema zaidi kama tungeizoea kwa sura yake, maana wengi huijua kwa mwiba tu, na mwiba ndio dalili ya mwisho kuonekana.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni jani. Mmea hutambaa, matawi yake yakisambaa kutoka kwenye mzizi mmoja mkuu kama spoku za gurudumu, na kila kifundo hubeba majani mawili yanayokabiliana, moja kubwa na jingine dogo, ambayo kila moja limegawanyika katika jozi za vijani vidogo vyenye vinyweleo. Ua ni dogo, la njano, lenye petali tano, na hufunguka asubuhi. Tunda likikauka huachana vipande vitano, kila kimoja kikiwa na miiba miwili mirefu na miwili mifupi iliyoelekea pande tofauti, hivyo kwamba kipande kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja hutazama juu. Hapo ndipo zinapotoka pancha za baiskeli.

Magugu mawili huchanganywa nayo. Acanthospermum hispidum, lenye asili ya Amerika ya Kusini, husimama wima, majani yake hayakugawanyika, na matunda yake hukaa katika umbo la nyota. Cenchrus echinatus ni nyasi, na jani lake jembamba linatosha kulitofautisha.

Kwa mfugaji tofauti hii ni nzito, kwa sababu kondoo wanaolishwa sana mbigili huweza kuharibika ini, kisha ngozi ya uso ikavimba na kuungua kwa jua, ugonjwa ambao Afrika Kusini huitwa geeldikkop.

Kila kipande cha tunda huwa na mbegu kadhaa ambazo hazioti pamoja. Moja hutangulia, nyingine hulala udongoni kwa miaka. Kwa hiyo ikate mzizi chini kidogo ya uso wa udongo mara uonapo maua ya kwanza, na ikiwa matunda yamekwisha kufunga, hata yakiwa mabichi, ukusanye mmea mzima uuchome, usiuache ukauke shambani.