Hawaogopi Filamu, Wanaogopa Viti

Kuna jambo nimelirudia saluni mpaka wateja wakanichoka, kwa hivyo leo naliandika. Serikali zetu hapa Kenya, hii ya sasa na zilizotangulia, hazina ugomvi mkubwa na filamu. Itazame peke yako kwenye simu, usiku, mpaka bando ziishe, hakuna atakayekuuliza. Lakini panga viti hamsini, tundika shuka jeupe ukutani, waite majirani waje kutazama filamu ile ile, halafu uone gari la polisi litachukua muda gani kufika.

Filamu ya Blood Parliament ndiyo iliyonithibitishia. BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, waliitoa tarehe 28 Aprili 2025. Inachunguza yaliyotokea Bungeni tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia ndani baada ya wabunge kupitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru. Wachunguzi walikusanya maelfu ya picha na video, nyingi zikiwa zimerekodiwa na waandamanaji wenyewe, wakazilinganisha moja baada ya nyingine mpaka wakaonyesha risasi zilitoka upande gani na kwamba walioanguka hawakuwa na silaha. Ilikuwa ionyeshwe Unseen, ukumbi mdogo wa sinema kule Kilimani. Ikafutwa, na BBC wakasema ni shinikizo la wenye mamlaka. Wakati huo huo filamu nzima ilikuwa YouTube, bure, na watu kwa mamilioni wakaitazama. Sasa mtu anieleze: kama hatari iko ndani ya filamu, mbona wenye simu waliachwa, akazuiwa yule aliyevaa viatu akaenda kuketi na wenzake? Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne wakakamatwa hapa Nairobi na kulala korokoroni. BBC wakasema hawakuhusika na filamu hiyo hata kidogo.

Sisi tuliitazama saluni, hapa Umoja. Runinga yangu kwa kawaida ni ya DJ Afro, yule anayesimulia filamu za nje kwa lugha yetu. Mtu anayesukwa kwa saa tano akiwa ameinamisha kichwa hawezi kusoma maandishi ya chini, anataka sauti, na DJ Afro anamsimulia kila kitu, mpaka adui wa Kichina anabandikwa jina la mtaani kwetu. Siku hiyo msaidizi wangu akaunganisha simu na runinga, nami nikaendelea kusuka. Mama mboga akaingia kuchukua chenji yake, akasimama mlangoni na beseni lake la sukuma wiki. Pale wanaporudisha video nyuma taratibu na kumwekea mtu duara kichwani ili umfuate katikati ya umati, mteja niliyekuwa nimemshika kichwa akasema, "Acha kwanza." Nikaachilia rasta. Akasema mtoto wa dadake alikuwa barabara ile ile, na kwamba yeye filamu hiyo alishaitazama usiku akiwa peke yake, na hakumwambia mtu. Mama mboga naye akaweka beseni chini. "Wangu aliniambia alikuwa darasani," akasema. "Nikakuta viatu vyake vinanuka kile kitu cha machozi."

Hawa wanawake wanajuana miaka mingi. Wananunuliana dawa, wanachangiana matanga. Tangu Juni ile hawakuwa wamelizungumza hilo, kila mmoja akidhani ni lake peke yake. Filamu haikuwaambia jambo jipya kuhusu watoto wao. Iliwakuta wameketi chumba kimoja, basi wakaanza kusema, na mazungumzo yale hayakuisha siku hiyo. Yamefika mpaka kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa.

Kitu hiki ndicho kinachoogopwa, na hakikuanza jana. Julai 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood. Aliyeizindua hapa Nairobi alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa serikali. Kitabu kinaisema serikali waziwazi, na waziri anakizindua! Miezi michache baadaye wakulima na vibarua wa Kamĩrĩthũ, kule Limuru, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ambao Ngũgĩ aliuandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Waliuigiza kwa Kikuyu, kwenye ukumbi wa wazi waliojijengea kwa mikono yao. Novemba leseni ikaondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akachukuliwa nyumbani kwake, akawekwa kizuizini Kamĩtĩ bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ule ukumbi ukabomolewa kabisa. Msomaji mmoja na kitabu chake alivumilika. Kijiji kizima kikicheka pamoja na kukasirika pamoja, hapana. Ngũgĩ alipofariki Mei 2025 Ikulu ilimsifu vizuri sana, nami niliposikia sifa hizo nilikumbuka tu kwamba mwezi mmoja kabla, wasichana wa shule walikuwa wametupiwa vitoa machozi kwa sababu ya mchezo wa kuigiza.

Nasema Butere Girls. Mchezo wao, Echoes of War, uliandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Uliondolewa kwenye mashindano, mahakama ikaagiza uruhusiwe, na Aprili 2025 wasichana wakafika Nakuru kwa mashindano ya kitaifa. Malala akazuiwa kuwaona, watu waliotaka kutazama wakatimuliwa kwa gesi. Asubuhi ya kuigiza wakapandishwa jukwaani mbele ya ukumbi usio na watazamaji. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakapanda basi. Mimi ni mzazi. Sijali ulikuwa unakipenda chama gani wakati huo: mtoto anayejua kuwa mchezo bila watazamaji si mchezo, akakataa kuigizia viti vitupu, huyo amefundishwa vizuri na mtu fulani, na huyo mtu anastahili shukrani zetu.

Filamu iitwayo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, nitaitaja kwa ufupi, maana najua wengine hapa hawaipendi kwa sababu inawahusu wasichana wawili wanaopendana. Ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu, kwa watu wazima. Sinema ya Prestige, kule Ngong Road, ikajaa. Sheria inayotumika, ile Sura 222 ya filamu na michezo ya jukwaani, ilitungwa 1962, kabla bendera ya mkoloni haijashuka. Tuliirithi, tukaipaka rangi, tukaendelea nayo. Hata usipoipenda filamu yenyewe, jiulize kama unataka sheria hiyo ndiyo ikuchagulie jioni yako.

Tukija kwenye uchaguzi wa 2027, kuna filamu moja ningeiwekea lazima kila mtaa wa Eastlands, upande wetu huu wa mashariki ya Nairobi, kabla ya Agosti: Softie, ya Sam Soko, iliyotoka 2020. Inamfuata Boniface Mwangi alipogombea ubunge wa Starehe 2017 kwa chama kidogo cha Ukweli. Wengi wanadhani ni filamu ya kumsifu mwanaharakati. Siyo. Sehemu zinazouma ni zile anapopita mtaani kuomba kura na watu wanamdai pesa ya mkononi, naye anakataa kutoa. Wale wanaomdai ni sisi. Wamevaa kama sisi, wanaongea kama sisi. Alishindwa, na kiti kikaenda kwa Jaguar, mwanamuziki. Halafu kuna Njeri, mkewe, ambaye kwangu ndiye moyo wa filamu. Vitisho vinapozidi anawachukua watoto na kwenda Marekani, na mume anapoweka nchi mbele ya familia, yeye hanyamazi. Kila mara ninaposikia mtu akisema "kijana fulani ajitolee atukomboe," namfikiria Njeri akiwa na watoto watatu na simu isiyoshikwa.

Na mambo hayo hayajapita. Mei 2025 Mwangi alikamatwa Dar es Salaam pamoja na Agather Atuhaire, mwanaharakati wa Uganda, walipokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Alipatikana Ukunda, amebwagwa upande wetu wa mpaka, na wote wawili wakasema waliteswa. Agosti ya mwaka huo akatangaza kwamba atawania urais. Sijaamua nitampigia nani, na hapa sitamfanyia mtu kampeni. Ninachotaka ni tuitazame ile sehemu ya pesa tukiwa pamoja, taa ziwake, tuulizane nani kati yetu alipokea mia mbili uchaguzi uliopita.

Tutaitazamia wapi? Sinema nyingi zilizobaki Nairobi ziko ndani ya maduka makubwa, na nauli peke yake inamshinda mama mboga kabla hajafikiria tiketi. Sinema ya zamani ya Shan, kule Ngara, siku hizi ni ukumbi wa Sarakasi Dome. Lakini kumbi za kijamii tunazo. Kaloleni Social Hall ilikuwa ikiitwa bunge la Waafrika enzi za ukoloni, kwa sababu wazee walikutania pale kupanga siasa za uhuru. Imesimama mpaka leo. Inahitaji projekta, spika moja nzuri, na mtu wa kufungua mlango. Nimeuliza kuhusu ukumbi wa karibu na kwetu, na swali la kwanza nililoulizwa ofisini halikuwa tarehe wala malipo. Waliniuliza filamu ni ya nini na watakuja watu wangapi.

Binti ya dadangu anasema tuanze na Nawi, filamu ya Turkana ya 2024 iliyopelekwa Oscar kwa jina la Kenya, kuhusu msichana aliyefaulu mtihani wa darasa la nane na babake anataka kumwoza kwa mifugo. Michelle Lemuya Ikeny anaigiza kwa macho tu kuliko waigizaji wetu wengi wanavyoigiza kwa maneno mia. Kuna mahali nilihisi filamu inatueleza sana badala ya kutuamini, ila ningependa wanaume wa mtaa huu waione, hasa wanaosema Sheria ya Ndoa ya 2014 imemaliza mambo hayo. Tutaionyesha.

Lakini Softie kwanza. Uandikishaji wa wapiga kura ulifunguliwa Septemba 2025, na vijana wanne wanaonisaidia kubeba spika wana vitambulisho lakini hakuna hata mmoja aliyejiandikisha. Nimewaambia kazi ya spika ni yao, malipo ni chakula, na asubuhi yake tunaenda wote ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi.