Letusi na mboga nyingine za saladi wakati wa kipupwe, Mwanza

Kipupwe cha Mwanza ni cha usiku. Juni na Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 15 au 17 kabla ya alfajiri, halafu saa nane mchana kinarudi kwenye 28. Maelezo ya nyuma ya pakiti ya mbegu mara nyingi yameandikwa kwa nchi za theluji. Ukiyafuata utahangaika kukinga miche na baridi ambayo huku haipo. Adui hapa ni jua la mchana. Kazi kubwa ni kuufanya ubaridi wa usiku ubaki kwenye udongo angalau hadi saa tano asubuhi.

Anza na mahali pa tuta. Mji huu ni wa mawe, na jiwe lililopigwa na jua la jioni hutoa joto mpaka usiku umekwenda sana. Liwekee kiganja saa mbili usiku, utaona. Kwa hiyo tuta lisikae upande wa magharibi wa jiwe au ukuta. Likae mashariki yake: litapata jua la asubuhi, na mchana ukigeuka kivuli kitalifunika.

Luseni, ule udongo wa kichanga wa vilimani, hupitisha maji kama chujio. Tuta la mita 1 kwa 3 lichanganyie madebe matatu ya samadi iliyooza, ile isiyonuka tena. Samadi mbichi huunguza mizizi, na kwa jani linaloliwa bila kupikwa ni kualika maradhi tumboni.

Sasa mbegu, maana hapa ndipo wengi hulaumu duka bure. Udongo ukipita nyuzi 28 hivi, mbegu nyingi za letusi hulala tu, hata zikiwa mpya. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke kwenye friji siku mbili, kisha uzisie jioni. Kama huna friji, zibandike ubavuni mwa mtungi wa maji. Juu yake nyunyiza mboji laini, isizidi nusu sentimita, kwa kuwa mbegu hizi hupenda kuona mwanga. Jenga kichanja cha nyasi chepesi, sentimita 60 juu ya kitalu. Gramu moja tu ina mbegu mia kadhaa, kwa hiyo tumia kibano cha vidole viwili. Ukimwaga pakiti nzima miche itabanana, na kinyausi kitafuata: shina linanyong'onyea pale linapogusa udongo, na mche unalala chini ukiwa bado kijani. Mwagilia asubuhi, si usiku, na punguza miche mapema.

Baada ya wiki tatu au nne, miche ikiwa na majani manne, hamisha jioni kwa nafasi ya sentimita 25. Kile kitovu cha katikati kibaki juu ya udongo, kikifukiwa huoza. Tuta la ukubwa huo litabeba miche 48 na kunywa kama lita 15 kwa siku. Maji yawe safi. Ya ziwani usiyamwage juu ya majani, na usiingie ziwani miguu mitupu kuyachota, kwa sababu ya kichocho. Matandazo ya nyasi kavu, unene wa vidole viwili, hupunguza sana kazi ya kumwagilia. Maji yakija leo mengi, kesho hakuna, ncha za majani machanga huungua na kuwa za kahawia. Wengi huona ni ugonjwa na kupulizia dawa isiyohitajika.

Ukikuta mche umekatwa shingoni asubuhi, ni sota, kiwavi wa udongoni. Fukua pale pale, sentimita mbili tatu, utamkuta amejikunja kama herufi C. Mche utakaopanda badala yake uvishe pete iliyokatwa kwenye chupa ya plastiki, izame kidogo udongoni.

Roketi, nayo mboga ya majani ya saladi, ni rahisi kuliko letusi: sia moja kwa moja tutani, uchume baada ya wiki nne. Spinachi ya sokoni kwetu kwa kweli ni ndugu wa bitiruti, na inavumilia jua kuliko zote. Kila punje yake ni kifungu cha mbegu kadhaa, hivyo bakiza mche mmoja. Kwa saladi chuma majani yakiwa na urefu wa kiganja. Yakizidi yanafaa sufuriani.

Chuma alfajiri, majani ya nje tu, ukiacha matano ya katikati. Letusi ikianza kurefuka kuelekea juu, vunja jani moja: maji meupe kama maziwa yakitoka mengi, uchungu umeshaingia, ng'oa uwape kuku. Sia kidogo kidogo kila wiki mbili kuanzia mwisho wa Mei. Mbegu ya mwisho iingie kitaluni kabla ya Julai kuisha, maana ikichelewa itakomaa kwenye joto la Septemba na Oktoba.